Kubadili kazi na kuwa muuguzi: njia za masomo kati ya Nakivale na Mbarara

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro kusini magharibi mwa Uganda, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko nchini mwao. Hivi leo yanahifadhi zaidi ya watu 150,000. Wengi wao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na pamoja nao wamo Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Wengi walifika wakiwa tayari na kazi zao: ualimu, ushonaji, udereva, biashara ndogo ndogo, hata uuguzi wenyewe. Baadhi wameweza kuziendeleza kazi hizo. Wengine, kwa kukosa mtaji au kwa kuwa vyeti vyao havitambuliwi, wanatafuta kazi ya pili maishani, na uuguzi ni mojawapo ya kazi wanazozifikiria.

Sababu zake si za kutafutwa mbali. Kituo cha afya ni miongoni mwa sehemu chache za makazi ambako watu wa lugha zote hukutana, na anayejua Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza kidogo huitwa haraka kumsaidia mgonjwa kueleza maumivu yake. Wapo waliojitolea katika timu za afya za vijiji, mpango ambao serikali ya Uganda iliuanzisha mwaka 2001, wakitembea nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo na matumizi ya vyandarua. Baada ya miaka kadhaa ya kazi hiyo, mtu huanza kujiuliza kwa nini asivae sare mwenyewe. Tena uuguzi ni kazi inayohitajika kila mahali. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu hali ya uuguzi ilikadiria kwamba dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa ya pengo hilo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Uamuzi huo mara nyingi hauwahusu walio Nakivale peke yao. Ada hutoka kwa kaka aliye Adelaide, kwa dada aliye Ohio, kwa shangazi aliye Oslo, na hao ndio wanaoulizwa kwa simu: nianzie na cheti au nisubiri shahada? Swali hilo lina jibu, lakini linatanguliwa na jingine, nalo likikosewa hupoteza fedha na miaka.

Jina katika daftari

Nchini Uganda, kinachompa mtu haki ya kuitwa muuguzi si idadi ya miezi aliyokaa darasani. Ni jina lake kuwemo katika daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga wa Uganda, linalojulikana kwa kifupi UNMC na linalofanya kazi chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996. Baraza ndilo linalosajili, linalotoa leseni ya kufanya kazi na linaloweza kuifuta. Mitihani ya cheti na stashahada kwa miaka mingi ilisimamiwa na bodi ya mitihani ya wauguzi na wakunga, UNMEB. Kwa sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025, kazi hiyo iliunganishwa na ile ya mitihani ya kada nyingine za afya chini ya bodi moja, UHPAB.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu chuo chochote, kiwe Mbarara, Isingiro au Kampala, ni hili: wanafunzi wake hufanya mtihani wa taifa, na je, wakifaulu Baraza huwasajili? Jibu lisitafutwe kwenye ofisi ya chuo peke yake. Litafutwe kwa Baraza na kwa bodi ya mitihani.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Miji ya Uganda ina kozi fupi za usaidizi wa wauguzi, za miezi sita au mwaka mmoja, zinazotangazwa kwa picha za vijana waliovaa makoti meupe. Msaidizi wa muuguzi hasajiliwi na Baraza. Anaweza kupata kibarua katika zahanati ndogo, na huenda akajifunza mengi ya manufaa, lakini cheti chake si ngazi ya kwanza ya uuguzi. Akitaka kuendelea, ataanzia pale pale anapoanzia mtu ambaye hajawahi kushika kipimajoto. Familia iliyotuma fedha kwa kozi ya aina hiyo ikidhani inalipia nusu ya safari, haijalipia hata hatua moja ya safari hiyo.

Ngazi tatu, na njia mbili za kuzipanda

Uuguzi wa Uganda una ngazi tatu za masomo. Ya kwanza ni cheti, kinachochukua miaka miwili na nusu na kumfikisha mhitimu kwenye orodha ya wauguzi walioandikishwa. Ya pili ni stashahada, ambayo aliyemaliza kidato cha sita huisoma kwa miaka mitatu na kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Ya tatu ni shahada ya sayansi ya uuguzi, miaka minne chuo kikuu, ikifuatwa na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Ukunga una mkondo wake, wenye cheti na stashahada zake, na anayevutiwa na wodi ya wazazi afanye uchaguzi huo tangu mwanzo badala ya kudhani atahamia baadaye.

Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, ndiyo kitovu cha elimu hiyo kwa kusini magharibi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, MUST, kilianzishwa mwaka 1989 kikiwa chuo kikuu cha pili cha umma nchini, kikaanza na kitivo cha tiba. Wanafunzi wake wa udaktari na uuguzi hujifunzia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, iliyo jirani na madarasa yao. Kwa ngazi za chini, wengi huangalia pia miji ya jirani. Ibanda ina shule ya wauguzi na wakunga ya Kanisa Katoliki, na Kabale ina shule ya serikali. Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni mwendo wa takriban kilomita 60, sehemu ya mwanzo ikiwa barabara ya vumbi. Umbali huo unatosha kumfanya mwanafunzi ashindwe kulala nyumbani na kuwahi zamu ya asubuhi.

Njia ya moja kwa moja ni ya aliye na kidato cha sita chenye baiolojia na kemia za kiwango kinachotakiwa: miaka minne na mwaka wa mazoezi, naye yuko kileleni. Njia ya ngazi kwa ngazi huanzia kwenye cheti. Baada ya hapo muuguzi hufanya kazi kwa muda, husoma stashahada ya kuendeleza kwa mwaka mmoja na nusu, hufanya kazi tena, kisha hujiunga na programu ya kukamilisha shahada ambayo huchukua miaka miwili hadi mitatu kulingana na chuo. Ukijumlisha madarasa peke yake ni miaka sita au saba. Ukiongeza miaka ya kazi iliyo katikati, kumi si mingi. Kwa hesabu tupu, njia ya moja kwa moja ni fupi na huenda ikawa nafuu.

Lakini mtu mwenye umri wa miaka 32, mwenye watoto watatu na cherehani moja, haishi kwa hesabu tupu. Njia ya ngazi humpa mshahara baada ya miaka miwili na nusu. Ikiwa fedha za ndugu zitakatika katikati, anayesoma shahada na kuishia mwaka wa pili hana kitu cha kuonyesha, ilhali aliyemaliza cheti ana leseni mkononi. Kwa wengi wanaobadili kazi wakiwa watu wazima, na hasa kwa wale ambao ada yao inategemea mtu mmoja tu aliye ng'ambo, cheti kilichokamilika ni salama kuliko shahada iliyo hatarini. Kwa kijana wa miaka 20 mwenye kidato cha sita kizuri na nafasi ya ufadhili, ushauri ni kinyume chake: asianze na cheti kwa sababu tu chuo kiko karibu.

Masomo ya sekondari ndiyo kizingiti

Safari nyingi hukwama kabla hata ya kufika chuoni. Cheti cha uuguzi humtaka mwombaji awe amefaulu mtihani wa kidato cha nne, UCE, akiwa na Kiingereza, hisabati, baiolojia, kemia na fizikia. Mwalimu wa historia aliyefundisha kwa miaka kumi huko Uvira anaweza kuwa na elimu kubwa kuliko wengi watakaokaa naye darasani, na bado akakosa kemia.

Aliyesoma nje ya Uganda hana budi kupeleka vyeti vyake vya sekondari kwa Baraza la Taifa la Mitihani, UNEB, ili vilinganishwe na vya Uganda. Vya chuo hupelekwa kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Vyeti vya Congo na Burundi vilivyoandikwa kwa Kifaransa hutafsiriwa kwanza kwa Kiingereza na chombo kinachokubalika. Hapa Mcongo mwenye Diplome d'État hukutana na jambo asilolitarajia. Cheti hicho huonyesha mchepuo na asilimia ya jumla, wakati chuo cha Uganda kinataka kuona alama ya kila somo. Kwa sababu hiyo, ripoti za shule za miaka ya mwisho ni karatasi za thamani. Aliyezikimbia nazo azihifadhi vyema. Aliyeziacha ana kazi ya kuwatafuta ndugu au walimu wa zamani wanaoweza kuzifikia.

Asiye na sayansi kabisa hubakiwa na njia ya kurudi shule, na njia hiyo imebadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE mwaka 2024. Chini ya mtaala huo, asilimia 20 ya alama hutokana na kazi anazofanya mwanafunzi akiwa shuleni, na asilimia 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Zamani mtu mzima angeweza kujisomea nyumbani kwa mishumaa na kujiandikisha kama mtahiniwa binafsi. Sasa anapaswa kuulizia mapema ni kituo gani kitampokea na kwa masharti gani, kabla hajanunua hata kitabu.

Kisha kuna lugha. Masomo yote ni kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa katiba iliyorekebishwa mwaka 2005, lakini karatasi ya dawa ya mgonjwa haiandikwi kwa Kiswahili. Mgonjwa wa Mbarara naye huenda akaongea Kinyankore peke yake. Anayetoka shule za Kifaransa angefanya vyema kutumia mwaka mzima kwa Kiingereza kabla ya chuo, kwa sababu kukosea kusoma kipimo cha dawa si kosa la sarufi.

Aliyekuwa muuguzi tangu nyumbani

Kundi moja linastahili kuangaliwa peke yake, nalo ni wale ambao hawabadili kazi bali wanataka kuirudia. Congo ina ngazi zake za wauguzi. Wa A2 amesomea katika taasisi ya ufundi wa tiba ya kiwango cha sekondari, ile inayoitwa ITM. Wa A1 amesoma miaka mitatu zaidi baada ya sekondari katika taasisi ya juu, ISTM. Juu yao yuko wa A0 mwenye digrii kamili. Burundi nayo imekuwa na wauguzi wa A2, na Rwanda iliacha kuwafunza katika mwongo wa 2000, ikihamia kwenye kiwango cha A1.

Ngazi hizo hazilingani moja kwa moja na za Uganda. A2 ni muuguzi kamili mbele ya wagonjwa wake wa Bukavu au Goma, lakini kwa macho ya mfumo wa Uganda mafunzo yake yalifanyika ndani ya sekondari, kwa hiyo hawezi kutarajia kwamba yatahesabiwa kuwa stashahada. A1 ana hoja yenye nguvu zaidi. Wote wawili hupaswa kupitia kwa UNMC, ambayo hupima masomo waliyosoma, hutaka uthibitisho kutoka kwa mamlaka ya nchi walikosomea, na huweza kuwataka wafanye kipindi cha mazoezi chini ya usimamizi kabla ya kuwasajili.

Uthibitisho huo ndio mgumu. Chama rasmi cha wauguzi wa Congo, chenye mamlaka ya kuorodhesha wauguzi kisheria, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Muuguzi aliyekimbia Masisi mwaka 2008 hakuwahi kuandikwa katika orodha hiyo kwa kuwa haikuwepo, na shule aliyosomea huenda haipo tena. Congo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukuondoa tatizo hili: uanachama wa nchi haugeuzi diploma ya A2 kuwa leseni ya Uganda.

Sheria, hata hivyo, iko upande wake kuliko anavyodhani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi mwenye sifa zinazotambuliwa haki ya kufanya kazi ya taaluma yake, na inataja utambuzi wa vyeti vya nje kati ya haki zake za elimu. Haki hiyo haimwondolei hatua za kupitia Baraza. Inamwezesha kuzidai zifanyike. Kwa A2 aliyekaa miaka mingi nje ya wodi, huenda ikawa haraka zaidi kuomba nafasi ya cheti cha Uganda na kuanza upya kuliko kusubiri barua kutoka Kinshasa. Ni uchungu kwa mtu aliyewahi kuwazalisha mamia ya wanawake, lakini wapo ambao kwao hiyo ndiyo njia fupi.

Ada, ufadhili na mambo yasiyoandikwa kwenye tangazo

Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2006 humweka mkimbizi sawa na raia katika elimu ya msingi, na sawa na wageni wengine katika elimu ya juu yake. Ndiyo maana swali la kuuliza chuo kabla ya kulipa chochote ni kama mkimbizi hutozwa ada ya raia au ada ya mgeni. Vyuo vingine huwaweka raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Waganda, na kwa Mrundi au Mcongo tofauti hiyo yaweza kuwa kubwa. Jibu lipatikane kwa maandishi.

Juu ya ada kuna malipo ya mtihani wa taifa, sare, vifaa, safari za mafunzo kwa vitendo na, mwishoni, ada ya usajili na leseni. Mwanafunzi wa uuguzi huzunguka wodini bila malipo, mara nyingine usiku, hivyo kazi ya kando ya kumwingizia kipato ni ngumu kuipata. Akihamia Mbarara akumbuke pia kwamba misaada kwa wakimbizi hutolewa hasa ndani ya makazi. Chumba cha kupanga mjini ni mzigo wake, na wa anayemtumia fedha.

Ufadhili unaojulikana zaidi ni DAFI, mpango wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani. Nchini Uganda umekuwa ukiendeshwa kupitia Windle International Uganda. Hulipia shahada ya kwanza, na mwombaji kwa kawaida hapaswi kuzidi umri wa miaka 28 anapoanza masomo. Kwa hiyo unawafaa wadogo zaidi, na wengi wa wanaobadili kazi hubaki nje yake. Hakuna wakala halali anayeuza nafasi ya DAFI. Anayedai malipo ili kupitisha jina la mtu ni tapeli.

Kazi, hapo na kwingineko

Nafasi za kudumu za serikali ya Uganda hutangazwa kwa Waganda wenye sifa. Muuguzi mkimbizi hutegemea hospitali binafsi, za kidini na mashirika yanayotoa huduma katika makazi. Mashirika hayo ndiyo yaliyokuwa tegemeo kubwa, lakini fedha za misaada zilipopungua mwaka 2025 huduma zilipunguzwa katika makazi mengi ya Uganda. Anayepanga masomo leo asijenge mpango wake wote juu ya ajira ya shirika moja lililo karibu na nyumbani kwake.

Wenye matumaini ya kuhamishiwa nchi ya tatu wana jambo jingine la kulitazama, nalo ni majina yanayofanana. Nchini Uganda, muuguzi aliyesajiliwa anaweza kuwa na stashahada. Nchini Australia, aliyesajiliwa ni mwenye shahada, na aliyeandikishwa ni mwenye stashahada ya huko ya takriban mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo mwenye cheti cha Uganda hawezi kudhani kwamba atakuwa muuguzi aliyeandikishwa Brisbane kwa kuwa neno ni lile lile, na mwenye stashahada asitarajie kusajiliwa bila masomo zaidi. Mwenye shahada hufunguliwa mlango wa kuombea usajili, pamoja na mitihani na kipimo cha Kiingereza. Wengi waliofika huko na cheti wameanza kama wahudumu wa wazee, kazi ya heshima inayolipa kodi ya nyumba, huku wakirudi darasani jioni.

Uhamisho nao hauji kwa ratiba ya chuo. Mwanafunzi anayeitwa kwa usaili wa safari akiwa muhula wa tatu ahakikishe, kabla ya kuondoka Mbarara, kwamba anabeba matokeo rasmi yenye muhuri, muhtasari wa kila somo alilolisoma, na rekodi ya saa alizofanya wodini. Aliyekwisha kusajiliwa aombe barua ya UNMC inayothibitisha hali yake. Karatasi hizo hupatikana kwa siku chache akiwa Uganda. Akishafika mbali, kuzipata kwa barua pepe huweza kuchukua mwaka.